Kwa nini tusiwalishe pomboo? Jibu kwa kijana wa boti wa Kizimkazi

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Kizimkazi, natembeza wageni kwa boti kwenda kuangalia pomboo. Mgeni mmoja alinionyesha video ya Brazil: watu wamesimama mtoni, maji kiunoni, na pomboo wa rangi ya waridi wanakuja kuchukua samaki mikononi mwao. Wageni wetu hulalamika kuwa pomboo wa kwetu wanakimbia. Kwa nini na sisi tusiwalishe wakatuzoea? Halafu nimesoma kwamba huko huko Brazil wavuvi wanawaua pomboo hao na kuwafanya chambo. Vipi mnyama mmoja apendwe na auawe kwenye mto mmoja? Na je, Afrika tuna pomboo wa mtoni? Mzee mmoja wa Rufiji aliniambia amewaona.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali lako la kwanza jibu lake ni hapana. Msiwalishe, hata dagaa mmoja. Lakini sababu zake zimefungamana na swali la pili, kwa hiyo twende kwanza Brazil, kisha turudi Kizimkazi.

Huyo uliyemwona kwenye video Wabrazili wanamwita boto. Peru na Bolivia anaitwa bufeo. Dume mkubwa hufika mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 200. Ana tofauti na pomboo unaowajua wewe: mifupa ya shingo yake haikuungana, kwa hiyo anageuza kichwa huku na huku. Mdomo wake ni mrefu na mwembamba, macho ni madogo, na njia anaitafuta kwa mwangwi wa sauti yake, maana maji ya kule mengine ni ya tope na mengine meusi kama chai ya rangi. Mvua zikikolea, maji ya maeneo ya mji wa Tefé, katika bonde la Mto Amazon, hupanda mita 10 na zaidi. Msitu unazama, na boto huingia kuwinda katikati ya mashina ya miti. Anakula zaidi ya aina 40 za samaki. Mvuvi naye anawafuata samaki hao hao, kwenye mikondo na maziwa hayo hayo, na ugomvi wao unaanzia hapo.

Zamani ugomvi huo ulikuwa mdogo. Mvuvi wa Amazon alitegemea zaidi chusa, mshale na ndoana, zana za kumlenga samaki mmoja mmoja, na yeye na boto walipishana. Kisha, katika nusu ya pili ya karne iliyopita, nyuzi za nailoni zikaenea, na pamoja nazo wavu wa kutega ambao wao wanauita malhadeira. Ni ndugu wa jarife letu. Wavu unaolala mtoni usiku kucha, samaki wamening'inia humo, kwa boto ni sinia lililokwisha kuandaliwa. Anachomoa samaki, uzi unakatika, na asubuhi mvuvi anakuta tundu la kupita mtu. Kwa mwenye nyavu mbili tatu, hasara hiyo inamfikia hadi jikoni. Wakati mwingine boto mwenyewe ananaswa. Dume mkubwa anaweza kujipasulia njia. Ndama hawezi. Lazima apande juu kuvuta pumzi, na wavu haumwachii.

Nakueleza haya ili usije ukadhani mvuvi wa Amazon ni mtu katili anayeamka na kutafuta pomboo wa kuua. Watu wa mito ile wana masimulizi mazito juu ya boto. Husimulia kwamba usiku wa sherehe za mwezi wa Juni anatoka majini akiwa kijana mtanashati, nguo nyeupe, kofia kichwani ili kuficha tundu lake la kupumulia. Anacheza na binti wa watu, alfajiri anarudi mtoni. Mtoto asiyejulikana baba huambiwa ni wa boto. Ukizisikia hadithi zao utakumbuka zetu za jini mwenye kwato. Hofu ile ilimlinda kwa kiasi fulani, kwa sababu watu wengi waliamini kumuua ni kujiletea nuksi. Ila hofu humlinda mnyama mpaka pale mzoga wake unapopata bei.

Bei ilikuja kwa mlango ambao hakuna aliyeutazamia. Nchini Kolombia, katika Mto Magdalena, kulikuwa na samaki akiitwa capaz aliyependwa sana na walaji. Wakamvua mpaka akaadimika. Wafanyabiashara wakatafuta wa kufanana naye, wakamkuta Brazil, upande wa pili wa mpaka: piracatinga, aina ya kambare anayekula mizoga. Wabrazili wenyewe hawakuwa wakimla, walimwona mchafu. Kuanzia miaka ya 2000 hivi, wanunuzi walianza kupanda na kushuka mtoni na barafu zao, wakinunua piracatinga kwa wingi.

Sasa fikiria kama mvuvi. Samaki anafuata harufu ya nyama. Unatengeneza sanduku la mbao ukingoni mwa mto, unaweka nyama ndani, piracatinga wanaingia kwa mamia, unawakokota kwa mikono. Nyama gani? Ya kununua itakula faida yote. Keimani, jamaa wa mamba, anafaa, na wamewaua wengi. Boto anafaa pia, kwa kuwa mwili wake una mafuta mengi na harufu yake inasafiri mbali. Na boto ni yule yule anayenichania nyavu. Ndivyo chuki ya zamani ilivyopata soko.

Matokeo yake tunayajua kwa sababu kuna watu waliokaa palepale wakihesabu. Katika hifadhi ya Mamirauá, mahali mito Solimões (ndilo jina la Amazon kabla haijafika Manaus) na Japurá inapokutana, Vera da Silva wa taasisi ya utafiti wa Amazon iliyoko Manaus, mji mkuu wa jimbo la Amazonas, pamoja na Anthony Martin, walianza kufuatilia pomboo mwaka 1994. Mwaka 2018 walichapisha hesabu za zaidi ya miaka 20 wakiwa na wenzao. Boto walikuwa wanapungua kwa nusu kila miaka 10 hivi. Tucuxi, pomboo mdogo wa kijivu anayeishi nao, walikuwa wanapungua kwa nusu kila miaka 9. Na hapo ni ndani ya hifadhi. Mwaka huo huo boto aliorodheshwa kimataifa kuwa mnyama aliye hatarini kutoweka, na tucuxi akafuata mwaka 2020. Jike huzaa ndama mmoja tu, na hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena, kwa hiyo pengo halizibiki haraka.

Utaniuliza, serikali ilikuwa wapi? Sheria ilikuwapo tangu 1987, inakataza kuvua au kusumbua nyangumi na pomboo wa kila aina katika maji ya Brazil. Lakini jimbo la Amazonas peke yake limeizidi Tanzania kwa zaidi ya nusu yake, na sehemu kubwa haina barabara. Nani atalinda kila boto? Mwaka 2014 picha za mauaji zilioneshwa kwenye televisheni na nchi ikashtuka. Serikali ikabadili mbinu. Badala ya kumlinda boto mmoja mmoja, ikapiga marufuku uvuvi wa piracatinga wenyewe, kuanzia Januari 2015 kwa miaka mitano, na baadaye marufuku ikaongezwa. Kolombia nayo ikazuia uuzaji wa samaki huyo mwaka 2017, hasa kwa sababu ya zebaki nyingi mwilini mwake. Mimi naona mbinu hiyo ilikuwa na akili, kwa kuwa soko ni rahisi kulishika kuliko mto. Tatizo ni kwamba minofu ikishachunwa ngozi haina jina. Vipimo vya vinasaba kwenye masoko ya Manaus vilikuta piracatinga akiuzwa kwa majina mengine, mnunuzi hana habari.

Hapa sasa nirekebishe jambo moja katika swali lako. Umesema mto mmoja. Video uliyoiona inaelekea sana ilipigwa Mto Negro, karibu na Manaus, kwenye maji meusi ambako watalii hufika kwa gari au boti ya saa chache. Uvuvi wa piracatinga umeshamiri zaidi Solimões, Japurá na Purus, mito ya maji ya tope iliyo mbali na njia za watalii. Tefé iko zaidi ya kilomita 500 kutoka Manaus. Anayelipwa kwa sababu boto yu hai, na anayelipwa kwa sababu boto amekufa, ni watu wawili ambao huenda wasionane maisha yao yote. Hela ya mtalii haifiki kwa mwenye wavu uliochanika. Ndiyo maana siamini msemo kwamba utalii utawaokoa pomboo. Utamwokoa yule ambaye jirani yake anaishi kwa utalii huo, na si mwingine.

Turudi kwenye kulisha. Kilichoanzisha desturi hiyo ni mgahawa unaoelea wa familia moja katika mji mdogo wa Novo Airão, ukingoni mwa Mto Negro, mwaka 1998. Walianza kuwapa boto samaki, boto wakazoea, wageni wakamiminika. Mji ukajulikana. Miaka ile ya mwanzo mgeni aliingia majini, akashika, akalisha anavyotaka. Watafiti waliokaa pale wakiangalia walikuta mambo ambayo video haioneshi. Karibu wote waliokuja kula walikuwa madume. Wachache wenye nguvu waliitawala sehemu ya kulia, wakawauma na kuwasukuma wengine, na wageni nao waliumwa. Boto mwenye kilo 180 akigombania samaki, mkono wako ni kitu kidogo kilicho njiani.

Hatimaye mamlaka ya Anavilhanas, hifadhi iliyo mbele ya mji huo, iliweka masharti: wageni wasiogelee nao, wasiwalishe wenyewe, na mhudumu ndiye atoe samaki kwa kipimo na kwa saa zake. Jimbo nalo likaweka kanuni zake. Lakini yako majukwaa mengine ya kulishia kwenye mto huo huo ambako mgeni bado anashuka majini. Na katika mji wa Mocajuba, Mto Tocantins, wauza samaki wa sokoni huwatupia boto mabaki, nao huja mpaka kwenye ngazi za soko. Sitaki kusema kila kitu cha pale ni kibaya. Kwa sababu wanyama wale wametulia, watafiti waliweza kuwarekodi kwa karibu na wakatambua aina 237 za sauti, wakati watu wengi walidhani boto ni mnyama wa kimya.

Mfano wenye funzo zaidi kwako uko Australia, ufukwe wa Monkey Mia, maana pomboo wa pale ni wa aina moja na wengi wa wale unaowaona wewe. Walilishwa ufukweni miaka mingi. Ikaonekana ndama wa mama waliokuwa wakilishwa wanakufa kuliko ndama wengine. Mama akisubiri samaki wa bure kwenye maji ya kina kifupi, ndama anakaa peke yake kwenye kina, ananyonya kidogo, hajifunzi kuwinda, na papa yupo. Katika miaka ya 1990 walikaza masharti: majike wachache, samaki kidogo, asubuhi tu. Vifo vya ndama vikapungua.

Lakini lililo zito kuliko yote kwangu ni wavu. Pomboo hajui kwamba boti hii ni ya utalii na ile ni ya uvuvi. Ukimfundisha kuwa mlio wa injini maana yake samaki, umemfundisha kwa injini zote. Wiki hii atakuja kwako, mgeni atafurahi, utapata bakhshishi. Wiki ijayo atamfuata mvuvi wa Dimbani au Makunduchi aliyetega jarife, atachomoa jodari wa watu, na atanaswa au atachukiwa. Hasara utakuwa umeianzisha wewe, na atakayeilipa ni jirani yako, ambaye hakupata senti ya yule mgeni. Hapo utakuwa umeuleta ugomvi wa Amazon Kizimkazi kwa mikono yako.

Tena Kizimkazi haikuwa mbali na Amazon. Waulize wazee wenu. Pomboo waliwindwa hapo kwa chusa na kwa nyavu, na sehemu ya nyama yake ikawa chambo cha papa. Ni hesabu ile ile ya piracatinga, papa akiwa na soko na pomboo akiwa chambo cha bure. Uwindaji ule ulikoma katikati ya miaka ya 1990, baada ya safari za kuangalia pomboo kuanza mwaka 1992 hivi, na mwaka 1997 Ghuba ya Menai ikawa eneo la hifadhi. Uliwezekana kukoma kwa sababu watu waliokuwa wakiwinda ndio walioanza kubeba wageni. Boti ilikuwa ile ile, nahodha yule yule, na ujira uliingia nyumba ile ile. Hilo ndilo Solimões wanalikosa, na mimi nalihesabu kuwa jambo kubwa ambalo kijiji chenu kilifanya bila mtaalamu wa kuwafundisha.

Kule Mamirauá kuna jambo linalokaribiana nalo, ingawa si la utalii. Tangu 1999 vijiji vinasimamia wenyewe uvuvi wa pirarucu, samaki mkubwa anayepanda juu kuvuta hewa. Wavuvi wazoefu wanamhesabu kwa macho kila anapopanda, na kila mwaka wanaruhusiwa kuvua si zaidi ya asilimia 30 ya wakubwa waliohesabiwa. Idadi ya pirarucu imepanda sana, na kijiji kina mali ya kulinda. Mwenye ziwa lake na hesabu yake ana sababu ya kumfukuza mgeni anayekuja na sanduku la piracatinga. Mimi naweka matumaini zaidi hapo kuliko kwenye majukwaa ya kulishia. Hata hivyo, kuna mengine yaliyo nje ya uwezo wa mvuvi yeyote. Mwishoni mwa Septemba 2023, wakati wa ukame mkali, maji ya Ziwa Tefé yalipita nyuzi 39, na baadaye ilionekana sehemu nyingine yalifika karibu 41. Pomboo zaidi ya 150 walikufa katika wiki chache, 70 kati yao wakaokotwa siku moja. Ziwa lile halikuwa na wavu wala chusa ya kulaumiwa siku ile.

Sasa malalamiko ya wageni wako. Pomboo wa Kizimkazi wanakimbia kwa sababu wanakimbizwa. Tafiti zilizofanywa hapo kwenu katika miaka ya 2000 zilionesha kwamba boti zikiwepo pomboo hupunguza kupumzika na kuchangamana, wakawa wanasafiri tu. Wewe mwenyewe umeona: kundi moja, boti saba, kila nahodha anataka kuwa mbele, wageni wanarukia majini juu ya vichwa vya wanyama. Mnyama gani atakaa?

Jaribu hivi, na uwashawishi wenzako angalau watatu mjaribu pamoja, maana peke yako hutaweza. Msogelee kundi kwa ubavu, usimkate mbele wala usimfuate nyuma. Punguza moto ukiwa mbali, na ukifika kama mita 50 zima gia usubiri. Pomboo ni mdadisi. Asipobanwa, mara nyingi atakuja mwenyewe kuangalia. Boti zisizidi mbili kwa kundi, nyingine zisubiri zamu. Mkiona ndama, ondokeni. Mkikuta kundi linakwenda polepole, linapanda na kushuka pamoja bila haraka, hilo limepumzika, na wageni wabaki botini. Dakika 20 zinatosha. Waambie wageni haya kabla hamjaondoka ufukweni, wakati bado wanavaa majaketi, kwa sababu mgeni aliyekwisha kuwaona pomboo hasikii tena. Mgeni aliyeelezwa kwa nini mnasubiri huwa mvumilivu kuliko tunavyomdhania.

Na kuhusu jarife. Pomboo bado wananaswa kwenye nyavu za kutega na kufa katika maji yenu, na hilo ndilo linalowapunguza kuliko boti. Kama chama cha watembeza wageni kina mfuko, kaeni na wavuvi mzungumze: nani anatega wapi, miezi gani pomboo wenye ndama huwa kwenye njia za nyavu, na je, mfuko unaweza kuchangia mvuvi anayekubali kuhamisha wavu kutoka njia hizo. Huko Mto Mahakam, Indonesia, wavuvi wamefunga kwenye nyavu vifaa vidogo vinavyotoa mlio wa kumuonya pomboo, na vimesaidia. Ni vya gharama, na vinahitaji betri na matunzo, kwa hiyo msivinunue kabla ya kuzungumza na wavuvi.

Mwisho, mzee wako wa Rufiji. Afrika haina pomboo wa mtoni wa jamii ya boto. Lakini usimbishie mzee. Pomboo mwenye nundu, yule wa kijivu anayepita pia kwenu Menai, hupenda maji ya kina kifupi yaliyo karibu na nchi kavu, midomo ya mito na mikono ya bahari yenye mikoko, na maji yakijaa anaweza kuingia ndani ya mlango wa mto. Inaelekea ndiye aliyemwona. Naye yuko kwenye orodha ya walio hatarini. Ukimpata mzee tena, muulize ilikuwa mwezi gani, maji yakijaa au yakipwa, walikuwa wangapi, na kama kulikuwa na ndama. Andika, kisha niletee.